Damu ya Mbalamwezi

Kifuniko cha birika kiligongagonga, ti-ti-ti-ti, kama meno ya mtu mwenye homa. Subilaga aliiepua birika kabla haijafoka, akaiweka pembeni, na ndipo alipogundua kwamba mlio haujakoma. Mwingine ulikuwa ukitoka sebuleni, kwenye kisanduku cha Kituo cha Mifugo.

Nje kulikuwa bado giza, na ukungu wa Rungwe ulikuwa umelala juu ya migomba kama blanketi lililolowa. Kisanduku hakikuwa na mazoea ya kuita saa hizo. Kikiita alfajiri, basi kimeona damu mbaya.

"Jicho la kwanza lina shaka," kilisema, kwa sauti ile ya upole inayotangaza msiba na habari za mvua kwa namna moja. "Ng'ombe wa tiba, nambari mia nne na kumi na mbili. Jina, Mbalamwezi. Jicho la pili linaombwa kabla ya jua kuzama."

Subilaga aliketi kwenye kiti cha karibu. Chai hakuinywa tena.

Jicho la kwanza lilikuwa hereni, kidude kidogo kama punje ya mtama, kilichopachikwa katika sikio la kila ng'ombe, mbuzi na mbwa wa nchi hiyo. Kila alfajiri kilionja damu ya mnyama na kupeleka habari Kituoni. Jicho la pili lilikuwa yeye mwenyewe, mjane wa miaka sitini na mitatu, mwenye hadubini ya zamani na miwani mbili za kubadilisha. Sheria ilimtaka kwa sababu hereni ziliwahi kukosea. Mwaka ule wa kupe wengi ziliona chembe nyeupe zilizovimba katika damu za ng'ombe arobaini, zikasema ni saratani, wachinjwe wote. Subilaga ndiye aliyeinama kwenye hadubini siku mbili mfululizo, akainuka na kusema hapana, hii ni ndigana, homa ya kupe tu, wachomeni sindano. Ng'ombe thelathini na sita walipona. Tangu hapo ikaandikwa kwamba hakuna mnyama wa kuondolewa mpaka jicho la nyama liseme, na likishasema, Kituo hakibishani nalo.

Alijifunga kitenge kingine juu ya sweta, akatia sindano mpya na vioo mfukoni, akatoka.

*

Mbalamwezi alikuwa ng'ombe mweusi mwenye paji jeupe, na maziwa yake hayakuwa maziwa ya chai. Mababu zake walitengenezwa na wataalamu ili maziwa yabebe dawa ya selimundu, ile inayozuia chembe nyekundu za mtu zisijikunje kama mundu na kuziba mishipa. Kikombe asubuhi, kikombe jioni, na mgonjwa anaishi kama wenzake. Ng'ombe hao walipoenea, viwanda vya vidonge vilifungwa, maana nani angemeza vidonge wakati dawa inakamuliwa zizini? Watu watano wa mtaa ule walikunywa maziwa ya Mbalamwezi. Wa kwanza wao alikuwa Tulinagwe, binti wa mwenye ng'ombe.

Tulinagwe alikuwa mshonaji, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mwembamba, mwenye ulimi. Alimwona Subilaga akiteremka kilima, akamkimbilia kumpokea mfuko.

"Shikamoo, Bibi. Umekuja kunyonya damu mapema hivi? Hata kunguni husubiri watu walale."

"Marahaba, mwanangu. Kunguni hana miwani, ndiyo maana hukosea watu. Baba yuko wapi?"

"Zizini. Anamsugua malkia wake mgongo. Mimi nikimwomba anisugue mgongo, anasema mikono inamuuma."

Mzee Anyelwisye alitoka zizini na beseni la maji ya moto. Alikuwa amelitayarisha kwa ajili ya Subilaga, maana alijua vidole vyake huganda kwa baridi, na mkono uliokufa ganzi humwumiza ng'ombe. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alifanya hivyo kila mara, tangu mkewe alipokuwa hai. Subilaga alizamisha mikono, na joto lilipompanda mpaka viwikoni alitamani asiitoe, akae pale mpaka siku ipite.

Kisha akauangalia mlango wa zizi.

Ukambaa wa mgomba ulikuwa bado umefungwa kwenye nguzo, umekauka na kuwa rangi ya kahawia. Alikuwa ameuona ukiwa mbichi.

Katika milima ile, ugonjwa wa ng'ombe hautajwi mbele yake. Wazee wanasema ng'ombe husikia, na akisikia jina la kinachomla hukata tamaa, akaacha kucheua. Kwa hiyo mwenye ng'ombe hufunga ukambaa mlangoni na kunyamaza. Apitaye akiuona, naye hunyamaza. Husubiri mwenyewe atoke mpaka barabarani, mbali na zizi, amweleze kwa hiari yake. Kumtangulia kwa swali ni kama kumwombea mabaya. Ndivyo watu wa pale walivyolelewa, na Subilaga alilelewa hivyo hivyo.

Wiki sita zilizopita alipita hapo akitoka kanisani, akauona ukambaa. Alitembea polepole, akasimama barabarani kufunga kiatu kisichokuwa na kamba, akisubiri. Anyelwisye alimwona kutoka zizini. Alijiambia, kama dada Subilaga ana nafasi atakuja mwenyewe, siyo adabu kumwita mtu Jumapili. Akabaki kule. Subilaga akaenda zake. Na hereni, ambayo haikulelewa na mtu yeyote, ilikuwa haijaona kitu, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa bado umejificha ndani ya tezi, haujamwagika katika damu.

Sasa Subilaga alimpapasa Mbalamwezi mbele ya bega. Tezi ilikuwa imekua kama kokwa la parachichi, ngumu, isiyouma. Chini ya taya palikuwa na nyingine. Ng'ombe aligeuza shingo, akamlamba kitenge.

"Pole, mama," Subilaga alimnong'oneza. Alitoboa mshipa wa sikio, akalipokea tone juu ya kioo, akalivuta kwa kioo kingine mpaka likawa utando mwembamba wenye ncha kama ulimi. Mzee alimwangalia usoni. Yeye aliangalia kioo.

Alifanya vivyo hivyo kwa vioo viwili zaidi, akavifunga vyote kwa kitambaa.

*

Nyumbani alizikausha tando zote tatu, akazimwagia spiriti, kisha rangi ya zambarau, akahesabu dakika kwa saa ya marehemu mumewe. Akaosha, akakausha tena, akatia tone la mafuta, akainama.

Watu hudhani damu ni nyekundu tu. Kwa aliyezoea hadubini, damu ni kijiji. Chembe nyekundu ni umati sokoni, ndogo, zote zinafanana. Kati yao hupita nyeupe, moja moja, kila moja na kazi yake. Ile inayoitwa limfosaiti katika ng'ombe mzima ni ndogo na nadhifu: kiini cheusi cha mviringo kinachokaribia kuijaza yote, na ukingo mwembamba wa samawati, kama mwezi uliopatwa. Subilaga alizipenda hizo. Zilimkumbusha watoto wa shule waliovaa sare.

Leo sare zilikuwa zimechanika. Chembe zilikuwa kubwa, mara mbili hata tatu ya kawaida, na viini vyake vilikuwa na mikunjo na mipasuko, vingine kama jani la maharage. Ndani ya kiini palionekana madoa ya kung'aa, mawili, matatu, dalili ya chembe changa isiyotakiwa kutoka nje ya nyumba yake. Mbili alizikuta zikiwa katikati ya kugawanyika, palepale kwenye damu, kama mtu anayejifungua njiani.

Alileta mabakuli mawili na maharage. Hivyo ndivyo alivyohesabu tangu ujana, baada ya mashine yake ya kuhesabia kuharibika na kukosa wa kuitengeneza: haragwe jeupe kwa chembe njema, haragwe jekundu kwa chembe mbaya, mpaka zitimie mia. Vidole vilifanya kazi, macho hayakubanduka. Alipomaliza, mekundu yalikuwa themanini na saba.

Akatoa kioo, akaweka cha pili. Sasa alikuwa akitafuta ndigana. Ndigana ina alama zake: vidoa vidogo kama koma ndani ya chembe nyekundu, na ndani ya zile nyeupe vipande vya samawati vyenye nukta nyekundu. Chembe huvimba hivyo hivyo, lakini mdudu huonekana, na mdudu ana dawa. Alimtafuta kama mzazi anayetafuta jina la mwanawe kwenye orodha ya waliofaulu, akianzia juu mpaka chini, kisha chini mpaka juu. Alibadilisha miwani. Alitazama kioo cha tatu.

Jina halikuwamo.

*

Mchana Anyelwisye alikuja mwenyewe. Hakuingia. Alisimama barabarani, nje ya ua, kofia mkononi, mpaka Subilaga alipomfuata. Sasa walikuwa mbali na zizi, na mtu angeweza kusema.

"Niambie, dada."

"Ni saratani ya damu, kaka. Imejaa."

Mzee aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayeambiwa njia ya kwenda mahali anapopajua. "Nilifunga ukambaa."

"Niliuona."

"Uliuona lini?"

"Jumapili ile ya mavuno. Nilisimama barabarani."

"Nilikuona umesimama." Alizungusha kofia mikononi. "Nilidhani huna nafasi."

 Wote wawili walijua sheria. Kama ugonjwa ungeonekana ukiwa bado katika tezi, Mbalamwezi angeruhusiwa kuendelea kukamuliwa huku maziwa yakipimwa kila siku, na mrithi angekuwa ameshaanza kutafutwa. Ukishafika kwenye damu, ng'ombe huondolewa siku ileile, na foleni ya mrithi ni miezi kumi na minne. Miezi hiyo ilikuwa imelala pale barabarani kati yao, na kila mmoja alikuwa ameiweka nusu, kwa adabu.

"Andika ile nyingine," alisema mzee.

"Ile nyingine haimo."

"Jicho ni lako. Ukisema ndigana, watamchoma sindano, watampa siku ishirini na moja. Zikiisha utasema imerudi. Yeye atakufa kwa wakati wake, lakini mwanangu atakuwa amekunywa."

"Na yule mjamzito wa pale juu atakuwa amekunywa. Na wale wengine watatu. Sijui kinachopita kwenye maziwa ya ng'ombe mwenye damu kama hii, kaka. Kwa ng'ombe wa zamani wangesema chemsha tu, unywe. Hawa walitengenezwa. Kituo chenyewe hakijui, ndiyo maana wanawaondoa. Nikisema ndigana, nawapa watu nisichokijua."

"Mimi ninakijua kitakachompata Tulinagwe asipokunywa!" Sauti ilimpanda, kisha akaishusha, akitazama huku na huku kana kwamba amemtukana mtu. "Hicho nakijua, dada. Nilikishika kwa mikono yangu. Alikuwa na miaka minne, vidole vimevimba kama ndizi, analia mpaka sauti inaisha, anaendelea kulia bila sauti. Usiniambie habari ya usichokijua."

Subilaga alimsogelea. Alimshika mkono. Mzee aliuacha ushikwe, lakini ulikuwa kama mkono wa mtu mwingine.

Tulinagwe alikuwa amemfuata baba yake, akasimama nyuma ya uzio wa matete. Walimwona alipokohoa.

"Mnaniuza kwa kunong'ona," alisema. Alijaribu kucheka. "Bibi, nikuulize kitu. Nijibu kama unavyojibu watu wazima."

"Uliza, mwanangu."

"Kama ningekuwa ninakunywa peke yangu. Hakuna mjamzito, hakuna nani. Ungeandika ndigana?"

Subilaga aliivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge, akaivaa tena. Angeweza kusema hapana, ikawa ni heshima kwake na kwa kazi yake.

"Ningeandika."

Tulinagwe aliitikia kwa kichwa mara nyingi.

"Basi kosa langu ni kuwa na majirani," alisema, akamshika baba yake kiwiko, wakashuka.

*

Jua lilipoelekea mlimani kisanduku kiliuliza. Subilaga alikuwa ameketi mbele yake muda mrefu, mikono mapajani, mabakuli ya maharage pembeni.

"Jicho la pili linasemaje?"

"Saratani ya damu."

"Imepokelewa. Asante kwa huduma yako."

"Subiri. Andika na hili. Niliuona ukambaa mlangoni wiki sita kabla. Sikuuliza."

Kisanduku kililia, ti-ti. "Samahani. Maelezo hayo hayana mahali pa kuandikwa."

"Basi yasikie tu."

"Asante kwa huduma yako," kilirudia.

Gari lilifika kabla giza halijaingia. Halikuwa na dereva, na pengine walilitengeneza hivyo kwa makusudi, ili pasiwe na mtu wa kuombwa. Lilisimama barabarani, likafungua mlango wa nyuma, likashusha ubao, likasubiri. Mbalamwezi alikataa kupanda. Alivuta kamba, akakita miguu, akalia mara moja tu, kwa sauti ya chini. Hapo Tulinagwe akavua kanga yake ya mabegani, akamfunika nayo macho, akapanda yeye kwanza kwa kurudi nyuma, akimwita kwa midomo kama anavyoitwa ndama. Ng'ombe akamfuata. Walikaa humo ndani muda. Tulinagwe aliposhuka hakuwa na kanga, na baridi ilikuwa imeanza.

Wale wanne waliokunywa maziwa yake walikuwa wamekuja. Kila mmoja alileta mzigo wa majani, kama walivyozoea kuleta kila juma, maana mkono mtupu hauendi zizini. Hawakujua wayaweke wapi. Mjamzito aliyapakia yake garini, na wengine wakafanya vivyo hivyo, mpaka ng'ombe akawa amesimama kwenye majani yanayofika magotini. Gari likafunga mlango, likaondoka bila kelele.

Subilaga alisogea. "Kaka Anyelwisye..."

Mzee alimpita kana kwamba ni nguzo. Aliingia ndani, na komeo likasikika.

*

Siku ya kumi na moja maumivu yakaja. Subilaga alijua kwa sababu cherehani ya Tulinagwe, ambayo kwa kawaida ilisikika mpaka kwake upepo ukielekea huko, haikusikika kutwa.

Alijaza maji ya moto kwenye chupa mbili, akazifunga kwa vitambaa, akashuka. Hakugonga. Aliketi kwenye kigogo nje ya mlango, chupa mapajani. Ndani alisikia sauti aliyokuwa hajaisikia tangu Tulinagwe akiwa mtoto, nyembamba, inayopanda na kukatika. Mhudumu wa zahanati alitoka, akamwambia kwamba wamempa sindano ya maumivu, kwamba kitanda hospitalini hakuna, kwamba wamejaa wengine wa namna hiyo kutoka mitaa mingine. Aliichukua chupa moja na kuiingiza. Alirudi kuchukua ya pili. Mzee hakutokea.

Kesho yake Subilaga alikuja tena, na kesho kutwa. Alileta uji, akauacha kizingitini. Alileta kuni. Siku moja alikuta bakuli la uji limeoshwa na kugeuzwa juu ya kigogo, likiwa bado na matone ya maji, akaelewa kwamba limeoshwa na mikono ya mwanamume, maana masizi ya jikoni yalikuwa yamebaki chini yake. Alilichukua. Mtu mwenye hasira anayekuoshea bakuli hajakutupa bado.

Siku ya ishirini mlango ulikuwa wazi.

Tulinagwe alikuwa amelala ubavu, magoti tumboni, macho yamekuwa ya manjano. Nyonga ya kushoto ilikuwa haigusiki. Alimwona Subilaga, akasogeza midomo kama anayetafuta mzaha mahali alipouweka, akaukosa. Subilaga aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akaiweka chupa ya moto mgongoni mwake, akaanza kumsugua mguu ule mwingine, ule usiouma sana, kwa mafuta ya nazi, taratibu, kutoka kwenye kisigino kwenda juu. Alifanya hivyo kwa saa nzima. Hakuomba msamaha, kwa kuwa msamaha ungemlazimu mgonjwa kujibu.

Katikati ya kusuguliwa huko Tulinagwe alisema, "Yule mama wa pale juu amejifungua?"

"Bado. Wiki ijayo, wanasema. Hata yeye yuko kitandani kwa maumivu, lakini mtoto anacheza."

"Anacheza," alirudia Tulinagwe, na akafumba macho. Subilaga hakujua kama neno hilo lilimpoza au lilimchoma. Alihesabu pumzi zake mpaka zikawa ndefu.

Alipoinuka, mafuta bado mikononi, alimkuta Anyelwisye kwenye chumba cha mbele. Mzee alikuwa amekonda. Alikuwa ameketi akitazama mlango, mgongo ameugeuzia zizi tupu, na mbele yake pale sakafuni kulikuwa na beseni lenye maji yanayotoa mvuke. Alilisukuma kwa mguu mpaka kwake. Subilaga alichutama, akanawa mafuta.

"Miezi kumi na mitatu na siku kumi," alisema mzee. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumsemesha.

"Ndiyo, kaka."

"Sijui kama atafika."

"Hata mimi sijui."

Alifuta uso kwa kiganja, kutoka kipaji mpaka kidevuni. Hakuwa amemsamehe. Ilionekana wazi usoni mwake, na hakujaribu kuificha. Subilaga alishukuru kwa hilo, maana hakutaka kudanganywa ndani ya nyumba ile.

"Analala akisuguliwa," mzee alisema. "Mimi mikono yangu ni mizito, nikimgusa analia. Na wewe sitaki kukuona, dada. Nikuambie kweli, sitaki." Alilivuta beseni kwake kwa mguu. "Kesho uje. Na kesho kutwa uje."

Subilaga alikuwa tayari ameshafika kizingitini, miguu inatafuta viatu, wakati sauti ya mzee ilipomfuata tena, kavu, bila kuinuka kitini.

"Nisipokuambia, uje vilevile."